Kabla ya Kupanda Ndege: Maandalizi ya Shule ya Biashara na Kazi ya Benki ya Uwekezaji

Benki ya uwekezaji haina dirisha la kuweka na kutoa pesa. Wateja wake ni kampuni, serikali na mifuko mikubwa ya fedha, na inachouza ni ushauri na utekelezaji wa miamala mizito: kuuza hisa kwa umma, kutoa hatifungani, kununua kampuni nyingine au kumtafutia mwenye kampuni mnunuzi. Serikali ya Kenya ilipouza robo ya Safaricom mwaka 2008, hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja, washauri wakuu walikuwa Dyer & Blair ya Nairobi na Morgan Stanley ya New York. Umma uliona foleni za watu waliokwenda kujaza fomu. Haukuona kazi iliyotangulia foleni: kukokotoa thamani ya kampuni, kuandika waraka wa matarajio utakaopita mikononi mwa wanasheria na mamlaka ya masoko ya mitaji, kuwazungukia wawekezaji wakubwa wa nje kupima wako tayari kulipa kiasi gani. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na sehemu yake kubwa hufanywa na vijana waliokaa mbele ya Excel.

Ngazi zake zinafanana karibu kila mahali. Anayetoka chuo kikuu na shahada ya kwanza huanza kama mchambuzi, akakaa hapo miaka miwili au mitatu. Juu yake yupo asosieti, kisha makamu wa rais, cheo kisichohusiana na urais wowote kwa sababu benki moja kubwa huwa nao tele, kisha mkurugenzi, na juu kabisa wakurugenzi waandamizi ambao kazi yao hasa ni kuleta wateja. Shule ya biashara ni mlango wa ngazi ya asosieti. Kupitia mlango huo mhandisi wa simu, mkaguzi wa hesabu, ofisa mikopo au mwanajeshi aliyestaafu mapema huingia katika kazi ambayo hakuisomea, bila kuanzia chini kabisa.

Kabla ya yote inafaa kuuliza kama shule hiyo inahitajika. Kwa anayetaka kufanya kazi Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, usemi kwamba shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, maarufu kama MBA, hufungua kila mlango umetiwa chumvi. Madalali wa hisa na washauri wa miamala wa kanda hii wanaajiri watu wenye CPA, watu waliofaulu ngazi za mtihani wa CFA, na wale waliofanya kazi miaka michache katika kampuni kubwa za ukaguzi. CFA ina ngazi tatu, husomwa huku mtu akiendelea na ajira yake, na gharama yake ni tone tu ukilinganisha na ada ya MBA ya Marekani. Shule ya ng'ambo ina maana kubwa zaidi kwa mtu anayelenga New York au London, au anayehama kutoka fani iliyo mbali kabisa na fedha. Asiyekuwa katika makundi hayo mawili afanye hesabu zake mara mbili.

Kwa aliyekwisha kuamua, jambo la kwanza kuelewa ni kalenda, kwa kuwa hapo ndipo wengi huteleza. Mwombaji hudhani kwamba amebakiza miaka miwili ya kujifunza fedha, kisha atafute kazi. Sivyo mambo yanavyokwenda. Programu ya miaka miwili ya Marekani huanza Agosti. Septemba benki zimekwisha kufika chuoni na maofisa wao, bilauri za mvinyo na vipeperushi. Oktoba na Novemba ni miezi ya simu, kahawa na vikao vya kufahamiana. Mwishoni mwa mwaka maombi hupelekwa, na Januari ni usaili wa nafasi za kiangazi. Anayepata nafasi hufanya kazi wiki 10 hivi kati ya Juni na Agosti, na mwisho wa wiki hizo huambiwa kama ataajiriwa akihitimu. Kwa maneno mengine, shule ni ya miaka miwili lakini nafasi ya kiangazi inayoongoza kwenye ajira huamuliwa ndani ya miezi mitano ya mwanzo. Mwalimu wa uhasibu hufika kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha wakati benki zinakaribia kuiuliza chumbani mwa usaili. Anayeshuka uwanja wa ndege akiwa hajui mizania ni nini hana muda wa kuwafikia wenzake waliotoka kwenye benki na kampuni za ushauri.

Kwa hiyo maandalizi yote ya maana hufanyika nyumbani, miezi 18 hadi 24 kabla ya safari, na yaanze na uhasibu. Haihitajiki CPA nzima. Kinachohitajika ni kuzijua taarifa tatu za kampuni, yaani ya faida na hasara, ya mtiririko wa fedha na mizania, kiasi cha kuona namna moja inavyoigusa nyingine. Swali moja la usaili ni maarufu kiasi kwamba limekuwa kama salamu: uchakavu wa mali ukiongezeka kwa 10, nini kinatokea katika taarifa zote tatu? Ichukuliwe kodi ya kampuni ya asilimia 30, ambayo ndiyo kiwango cha kawaida cha Tanzania na Kenya. Katika faida na hasara, faida kabla ya kodi inashuka kwa 10, kodi inapungua kwa 3, na faida halisi inashuka kwa 7. Mtiririko wa fedha unaanza na ile hasi 7, kisha unarudisha 10 za uchakavu kwa kuwa hakuna aliyetoa shilingi mfukoni kulipa uchakavu; fedha taslimu zinaongezeka kwa 3. Katika mizania, fedha zimepanda kwa 3, mitambo imeshuka kwa 10, jumla ya mali imepungua kwa 7. Upande wa pili, faida iliyolimbikizwa imepungua kwa 7 vilevile. Pande mbili zinalingana. Jambo linaloshangaza wengi ni kwamba gharama imeongezeka na fedha nazo zimeongezeka, na sababu ni kodi pekee. Anayeweza kulieleza hilo kwa dakika moja, bila karatasi na bila kukariri, amevuka kizingiti cha kwanza. Aliyekariri jibu huanguka msaili anapogeuza swali kidogo na kuuliza itakuwaje kama mtambo wenyewe ulinunuliwa kwa mkopo.

Baada ya uhasibu huja thamani, na hapa mifano ya mtaani inasaidia kuliko vitabu. Mwenye Coaster anataka shilingi milioni 30 mkononi. Gari lina mkopo wa milioni 20 ambao mnunuzi ataurithi, na kwenye akaunti ya biashara zimo milioni 2 zitakazohamia kwake. Bei ya kweli ya biashara hiyo si 30. Ni 30 kuongeza 20 kutoa 2, yaani milioni 48. Wenye kazi huiita thamani ya biashara nzima, na kuitofautisha na thamani ya hisa za mwenyewe ambayo ni zile 30. Kama Coaster inaingiza milioni 12 kwa mwaka kabla ya riba, kodi na uchakavu, mnunuzi amelipa mara 4 ya mapato hayo, na sasa anaweza kulinganisha na jirani aliyeuza ya kwake kwa mara 3 au 5. Kampuni ya saruji hupimwa kwa njia ileile. Kinachoongezeka ni sufuri na mawakili.

Njia ya pili ya kupima thamani ni kuzivuta fedha za kesho hadi leo. Milioni 10 za mwaka ujao, kwa kiwango cha asilimia 15, leo zina thamani ya kama milioni 8.7. Biashara itakayotoa milioni 10 kila mwaka bila kikomo ina thamani ya milioni 66.7 kwa kiwango hicho. Kiwango kikiwa asilimia 12, thamani inapanda hadi milioni 83.3. Hakuna tofali lililoongezwa wala mteja aliyepatikana. Kilichobadilika ni dhana moja ndani ya kisanduku kimoja cha Excel. Ndiyo maana mabenki hubishana usiku kucha juu ya kiwango hicho, na ndiyo maana mwombaji hana budi kujua kinajengwa na nini: riba ya hatifungani za serikali, hatari ya biashara yenyewe, mfumuko wa bei, na sarafu inayotumika. Anayekokotoa mapato kwa shilingi na kutumia kiwango cha dola amefanya kosa litakaloonekana mara moja.

Excel yenyewe hujifunzwa kwa vidole. Mazoezi yafanywe bila kugusa kipanya, kwa njia za mkato za kibodi, hadi mtu aweze kuanza na ukurasa mtupu na baada ya saa chache awe na modeli ya taarifa tatu inayolingana. Kozi za kulipia zipo nyingi na baadhi ni nzuri, lakini malighafi bora ni ya bure. Ripoti za mwaka za kampuni zilizo kwenye soko la hisa la Dar es Salaam na lile la Nairobi ziko wazi kwa kila mtu, na nyaraka za matarajio pia. Waraka wa Vodacom Tanzania wa mwaka 2017, kampuni hiyo ilipouza hisa milioni 560 kwa shilingi 850 na kukusanya shilingi bilioni 476, ni darasa kamili: unaonyesha sababu ya mauzo, ambayo ilikuwa sheria iliyozitaka kampuni za simu kuuza asilimia 25 kwa umma, hatari za biashara, hesabu za miaka iliyotangulia na mgawanyo wa ada za washauri.

Kwa upande wa ununuzi wa kampuni, mwaka 2024 ulileta mfano uliofika mlangoni. Amsons, kampuni ya Tanzania, ilitoa ofa ya kuinunua Bamburi Cement ya Kenya kwa shilingi 65 za Kenya kwa hisa, jumla ya kama bilioni 23.6. Mshindani, Savannah Clinker, akajitokeza na bei ya 70, baadaye akapandisha, kisha akajiondoa, na Amsons ikaichukua. Mwombaji anayeketi na muamala huo kwa mwezi mmoja atajifunza zaidi ya anayesoma sura kumi za kitabu. Kwa nini 65, wakati hisa sokoni ilikuwa chini ya hapo? Kwa nini Holcim, mwenye hisa nyingi, alitaka kutoka? Kwa nini bei ya juu isishinde palepale? Fedha za kununulia zinatoka wapi, na nani anathibitisha kwamba zipo? Katika usaili wa New York na London kuna swali lisilokosekana: mweleze msaili muamala mmoja ulioufuatilia. Watahiniwa kumi watataja muamala uleule uliokuwa gazetini wiki hiyo. Wa kumi na moja, anayeieleza Bamburi kwa namba na sababu, anakumbukwa.

Mtihani wa kuingilia unahitaji miezi mitatu hadi sita ya asubuhi na mapema. GMAT ya sasa ina sehemu tatu za dakika 45 kila moja: hesabu yenye maswali 21, lugha yenye 23, na uchambuzi wa takwimu wenye 20. Alama ni kuanzia 205 hadi 805 na hudumu miaka mitano. Vitabu vya mitumba vinavyozungumzia alama za 200 hadi 800 ni vya mtihani wa zamani. Vina jometri na masahihisho ya sarufi ambayo hayamo tena, na mtu anaweza kupoteza mwezi mzima kujifunza kisichoulizwa. Kikokotoo hakiruhusiwi katika hesabu, hivyo kuzidisha na kugawanya kwa mkono, ujuzi ambao shule za msingi za kanda hii zilikuwa zikiupiga fimbo, unarudi kuwa na faida. Sehemu ya lugha ndiyo inayowakwamisha waliosoma Kiingereza cha darasani pekee. Dawa yake si orodha ya misamiati bali kusoma kila siku makala ndefu na kavu za uchumi na sayansi, kisha kutaja kwa sentensi moja mwandishi anadai nini na anategemea nini. GRE, mtihani mbadala, hukubaliwa na karibu shule zote na humfaa aliye imara zaidi katika lugha. Mtihani unaweza kufanyiwa nyumbani kwa intaneti, lakini panapokatika umeme bila taarifa, nauli ya kwenda kituoni ni bima nzuri.

Alama za chuo ziandikwe kama zilivyo kwenye cheti. Shule kubwa zinajua tofauti ya GPA ya 5 ya Tanzania na madaraja ya heshima ya Kenya, na mwombaji anayejibadilishia alama kwa kanuni aliyoipata mtandaoni huleta shaka pasipokuwa na haja.

Barua za mapendekezo zina tatizo la hapa kwetu linalostahili kusemwa wazi. Bosi, kwa wema kabisa, humwambia kijana: andika mwenyewe, niletee nitie sahihi. Shule huzikataza barua za namna hiyo, na wasomaji wao huzitambua, maana barua mbili na insha huwa na sauti moja. Njia ya kutoka ni kumpelekea bosi ukurasa mmoja wa kumbukumbu: kazi gani ilifanyika, lini, matatizo yalikuwa yapi, matokeo yakawa nini. Kisha aandike yeye kwa maneno yake, hata kama Kiingereza chake si cha kitabuni. Barua ya meneja wa tawi aliyekaa na mtu miaka mitatu ina uzito kuliko ya mkurugenzi mkuu au waziri aliyemwona harusini.

Wasifu wa kazi ni ukurasa mmoja, haujawahi kuwa mitatu. Mstari usemao kwamba mtu alihusika na maandalizi ya ripoti za mikopo hausemi kitu. Ulinganishwe na huu: alichambua maombi 40 ya mikopo ya wasindikaji wa nafaka, akapendekeza kukataliwa kwa 9, na kubuni jedwali la kufuatilia marejesho ambalo tawi zima linalitumia. Namba zifanye kazi. Hapa malezi nayo huingilia. Mtoto aliyelelewa kusema "tulifanya" kwa kuwa "nilifanya" ni majivuno hufika mbele ya msaili na kuificha kazi yake nyuma ya wenzake. Msaili hasikii unyenyekevu. Anasikia mtu asiyejua mchango wake ulikuwa upi. Timu itajwe, kisha sehemu ya mtu mwenyewe ielezwe bila kuuma maneno.

Insha na usaili huzunguka swali moja: kwa nini kazi hii, na kwa nini sasa. Jibu la pesa linajulikana na kila mtu, halina haja ya kutamkwa. Jibu la kupenda changamoto ni maji ya kunawa. Linalosikika ni lile lenye tukio ndani yake. Ofisa mikopo aliyeshuhudia kiwanda cha maziwa kikinyimwa mkopo, si kwa sababu biashara ilikuwa mbaya bali kwa sababu kilichohitajika kilikuwa mtaji wa hisa wala si deni jingine, amekwisha kugusa mpaka kati ya benki ya kawaida na benki ya uwekezaji. Akieleza alivyojaribu kutafuta mwenye mtaji huo, na alikoshindwa, hahitaji mapambo.

Kuchagua shule kwa jina pekee ni kosa. Wharton ya Philadelphia, iliyoanzishwa mwaka 1881, na Columbia ya New York zina uhusiano wa siku nyingi na Wall Street; NYU Stern iko umbali wa safari fupi ya treni ya chini ya ardhi kutoka kwenye ofisi zenyewe, na Chicago Booth ina sifa ya fedha na uchumi. Harvard, iliyofungua shule yake ya biashara mwaka 1908, hufundisha kwa visa vya kampuni halisi, na uchangiaji darasani huweza kufika nusu ya alama. Anayeogopa kunyanyua mkono ajue hilo mapema. London Business School inafaa kwa anayelenga jiji hilo. Shule za mwaka mmoja, kama Oxford, Cambridge na INSEAD ya Fontainebleau, ni nafuu kwa muda na fedha, lakini nyingi hazina kiangazi cha kufanyia kazi, na kiangazi ndicho daraja la kuingilia benki. INSEAD ina nafuu kidogo: wanaoanza Januari hupata likizo inayotosha kazi ya muda, wanaoanza mwezi wa nane hawapati. Mtu aliyekwisha kufanya kazi ya fedha anaweza kuruka daraja hilo. Anayebadili fani ataumia.

Maombi hupokelewa kwa awamu, kwa kawaida Septemba, Januari na majira ya kuchipua. Mwombaji anayehitaji viza na ufadhili asisubiri awamu ya tatu, kwani nafasi na fedha huwa zimegawiwa.

Fedha ndizo zinazowatoa jasho wengi, na ni haki. Ada peke yake katika shule maarufu za Marekani imepita dola 70,000 kwa mwaka, na miaka miwili pamoja na chakula, kodi ya nyumba na bima huzidi dola 200,000. Harvard na Stanford hutoa ruzuku kwa kipimo cha mahitaji, na Stanford ina ufadhili maalumu kwa raia wa nchi za Afrika unaolipa ada, kwa sharti la kurudi kufanya kazi barani baada ya masomo. Chevening ya Uingereza hulipia shahada ya mwaka mmoja, ingawa kwa MBA mchango wake wa ada una kikomo, na nayo humtaka msomi arudi nyumbani kwa miaka miwili. Masharti ya kurudi yasomwe kabla ya kuota Wall Street, kwa sababu ndoto mbili hizo hazikai chumba kimoja. Wapo wakopeshaji kama Prodigy Finance wanaowapa mikopo wanafunzi wa kigeni bila mdhamini wa Marekani, kwa kutazama kipato cha baadaye. Riba yao si ya kirafiki. Anayekopa ajiulize atalipaje ikiwa atarudi Dar es Salaam na mshahara wa shilingi, maana deni litabaki kuwa la dola.

Viza ya kazi huamua mengi kuliko alama. Mhitimu wa Marekani huruhusiwa kufanya kazi miezi 12, na miezi 24 zaidi ikiwa shahada yake imeorodheshwa kama ya sayansi na teknolojia. Shule nyingi zimeziweka programu zao za fedha au hata MBA nzima katika orodha hiyo, na jambo hili liulizwe kabla ya kulipa ada ya maombi. Baada ya hapo huja bahati nasibu ya viza ya H-1B, yenye nafasi 85,000 kwa mwaka kwa fani zote na nchi zote. Benki kubwa zina mawakili wa kusimamia hilo na zinaweza kumhamishia London au Dubai aliyekosa. Ndogo nyingi hazigusi kabisa waombaji wa kigeni. Orodha ya benki zinazodhamini viza iandaliwe kabla ya kahawa ya kwanza.

Kahawa hizo, mtu akishafika shuleni, ni kazi kamili. Mwanafunzi huandika barua pepe fupi kwa aliyesoma shule hiyo na sasa yuko benki, akiomba dakika 15. Anayeomba kazi kwenye barua ya kwanza hajibiwi. Simu ikipigwa, maswali matatu ya maana yanatosha: timu inafanya miamala ya namna gani, asosieti wa mwaka wa kwanza hukwama wapi, nani mwingine inafaa kuzungumza naye. Shukrani hupelekwa siku hiyohiyo, na jina, tarehe na yaliyosemwa huingizwa kwenye jedwali. Kufikia Desemba jedwali huwa na majina 50 na zaidi. Kwa aliyekulia desturi ya kumwita mkubwa "mzee" na "bosi", kumwita mkurugenzi wa miaka 55 kwa jina lake la kwanza kunakwaza ulimi, lakini ndivyo wanavyotaka, na kujinyenyekeza kupita kiasi huko husomwa kama woga.

Wiki 10 za kiangazi hupima mambo mawili: usahihi, na kama mtu anavumilika saa nane za usiku. Namba moja iliyokosewa kwenye kabrasha la mteja huvunja imani katika kurasa nyingine 59. Aliyekosea aseme mapema, kabla kabrasha halijatoka. Aliyekwama aulize, lakini akiwa amekwisha kujaribu njia mbili na kuzionyesha. Saa za kazi hupita 80 kwa wiki bila shida, na mwaka 2024 JPMorgan ililazimika kuweka kikomo cha 80 kwa wafanyakazi wake wachanga, huku kazi za miamala iliyo hai zikiachiwa mlango. Mshahara wa msingi wa asosieti wa mwaka wa kwanza katika benki kubwa za New York ni takriban dola 175,000, na bonasi juu yake. Ukigawanya kwa saa, fahari hupungua. Mwenye ndoa, mtoto au mzazi anayeugua azungumze na nyumbani kabla ya kusaini, wala si baada.

Si kila aliyefanya kiangazi hupewa ajira. Asiyepewa ana mwaka wa pili wa kujaribu benki ndogo za ushauri, ambazo huajiri kadiri miamala inavyopatikana, au kuelekea idara za fedha za kampuni kubwa. Anayerudi Afrika Mashariki huukuta mlango wazi katika sehemu ambazo ujuzi uleule unahitajika kwa majina tofauti: mifuko ya mitaji binafsi iliyojaa Nairobi, shirika la IFC la Benki ya Dunia, idara za ushauri wa miamala za Stanbic na Absa, madalali wa hisa, na taasisi za umma zilizoanza kwenda sokoni zenyewe. Mamlaka ya Majisafi Tanga ilifanya hivyo mwaka 2024, ilipouza hatifungani ya kijani ya miaka 10 na kupata shilingi bilioni 53.12 za kupanua mradi wa maji. Hata pale mtu alihitajika kukaa na Excel akikokotoa kama ankara za maji za mji mmoja zinaweza kulipa riba kila nusu mwaka hadi mwaka 2034.